Hariri Huanzia Shambani

Watu wengi waonapo kitambaa cha hariri hudhani kwamba uzuri wake watoka katika mtambo wa mfumaji. Wengine, wakiisha kuambiwa kwamba uzi huo hutolewa na mdudu, husema kuwa yote ni kazi ya mdudu na binadamu hana la kuongeza. Rai zote mbili zina kasoro. Mdudu hutoa uzi kwa kadiri alivyolishwa na kutunzwa, na mambo hayo mawili yamo mikononi mwa mkulima.

Ushahidi wake huonekana kwenye mizani. Mfugaji hodari hupata vifukofuko ambavyo kilo 6 au 7, vikiwa vibichi, hutoa kilo moja ya hariri ghafi. Vifukofuko vya mfugaji mzembe huenda vikahitajiwa kilo 10 au zaidi kutoa kilo ile ile moja. Wote wawili wamefanya kazi, lakini malipo yao hayawezi kuwa sawa.

Maisha ya Kiwavi

Mdudu wa hariri ni kiwavi, mtoto wa nondo mweupe asiyeweza kuruka. Yai lake ni dogo kama mbegu ya mchicha. Kiwavi akiisha kuanguliwa hula kwa muda wa siku 25 hivi, na katika siku hizo hujivua ngozi mara 4. Uzito wake huongezeka kiasi cha mara 10,000. Kisha huacha kula, na kwa muda wa siku 2 au 3 hutoa utelezi mdomoni unaogeuka kuwa uzi, akijizungushia mpaka asionekane. Kifukofuko kizuri huwa na uzi mmoja wenye urefu wa mita 1,000 hivi, pengine na zaidi.

Chakula chake ni majani ya mforsadi. Wala hanywi maji, kwa kuwa maji yote ya mwili wake hutoka katika jani. Basi jani lililonyauka kwake ni njaa na kiu pamoja.

Shamba la Miforsadi

Mforsadi hupandwa kwa vipande vya matawi, navyo hushika upesi. Kwa sababu hiyo wengine huupanda ukingoni mwa shamba na kuusahau. Hilo ni kosa. Mti unaochumwa majani mara kwa mara huchosha ardhi, na hapana budi urudishiwe nguvu kwa samadi. Yafaa miti ipandwe kwa mistari, ipaliliwe, na ipogolewe kila baada ya mavuno ili ichipue majani mengi na laini. Penye mteremko, mistari ifuate makinga maji ili mvua isichukue udongo.

Mkulima asianze na mayai mengi kuliko majani aliyo nayo. Mayai 20,000 yahitaji nusu tani ya majani hivi au zaidi, na zaidi ya sehemu nne katika tano za majani hayo huliwa katika juma la mwisho. Aliyekosea hesabu huona viwavi wake wakifa njaa karibu na mavuno, baada ya taabu yote.

Majani yachumwe asubuhi au jioni, yafunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, lakini yasilishwe yakiwa yamelowa. Tena shamba liwe mbali na mimea inyunyizwayo dawa ya wadudu, kwani dawa ile ile huua viwavi. Tumbaku nayo ni sumu kwao.

Nyumba ya Kufugia

Viwavi wachanga hutaka joto la digrii 26 hadi 28, unyevu hewani, na majani laini yaliyokatwa vipande vidogo. Wakubwa hutaka baridi kidogo, hewa nyingi, na majani yaliyokomaa. Hawa waweza kupewa matawi mazima, jambo linalopunguza kazi sana. Wanapojivua ngozi wasilishwe wala wasisumbuliwe.

Huko Karnataka, India, zimo nyumba maalumu zinazolea viwavi katika hatua 2 za kwanza, ndipo wakulima huwanunua wakiisha kupata nguvu. Hivyo kazi ngumu ya siku za mwanzo hufanywa na mafundi wenye vyombo vifaavyo.

Usafi ni jambo kubwa. Kabla ya kila ufugaji nyumba na sinia zisafishwe kwa dawa. Mabaki na mavi yaondolewe, chokaa inyunyizwe kukausha malalo, na miguu ya meza iwekwe ndani ya bakuli za maji kuzuia siafu. Kiwavi mgonjwa atolewe mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mayai Yasiyo na Ugonjwa

Ufaransa ilijifunza jambo hili kwa hasara. Katikati ya karne ya 19 ugonjwa uitwao pébrine, jina litokanalo na pilipili kwa ajili ya madoa meusi ya viwavi, ulifilisi wakulima wengi wa kusini. Mwaka 1865 serikali ilimtuma mtaalamu Louis Pasteur kwenda Alès. Ilibainika kwamba ugonjwa hupita kutoka kwa mama mpaka katika yai. Basi Pasteur akafundisha kwamba kila nondo jike, akiisha kutaga, asagwe na kupimwa kwa hadubini. Akionekana na ugonjwa, mayai yake yachomwe moto. Njia hiyo yatumika hata leo.

Japani nayo iliongeza jambo jingine. Mwaka 1906 mtaalamu Toyama Kametaro alishauri kufuga viwavi chotara, watoto wa jamii mbili zilizo mbalimbali. Hao huwa na nguvu, hukua pamoja, na hutoa vifukofuko vikubwa. Lakini mkulima asitunze mayai ya chotara kwa kufuga tena, maana wajukuu hawafanani.

Kabla ya Kuanza

Vifukofuko huvunwa siku 7 au 8 hivi tangu viwavi waanze kujisokota, navyo visichanganywe vizuri na vyenye madoa. Baada ya siku chache tu nondo hutoboa kifukofuko, na uzi ukiisha kukatika thamani yake hushuka. Kwa hiyo mkulima asiyejua atamwuzia nani, wala hana njia ya kuvikausha, asipande hata mti mmoja kabla ya kupata jibu.

Katika Kenya kipo kituo cha taifa cha utafiti wa hariri mjini Thika, na huko ndiko kwa kutafuta shauri. Majirani wakiungana huweza kununua mayai yaliyopimwa, kujenga mahali pa kukaushia, na kupeleka sokoni mzigo wa kutosha kumvuta mnunuzi. Anayetaka hariri nzuri na aanze kwa jembe na samadi. Kiwavi atafanya yaliyobaki.