Rangi ya bunduki za kale si urembo mtupu

WAPO wakusanyaji wa silaha za kale nchini Marekani wanaojaribu kuzirudishia rangi zake za awali wakiwa nyumbani, kazi ambayo ikifanywa kwa pupa huharibu kilekile kinachokusudiwa kuokolewa.

Rangi hizo za bluu, kahawia na kijivu, zilizotapakaa kama mafuta juu ya maji, zilionekana kwenye silaha nyingi za karne ya 19, ikiwamo bastola maarufu ya Colt ya mwaka 1873. Wengi hudhani zilipakwa. La hasha, zilizaliwa ndani ya moto.

Viwanda vya wakati huo vilipendelea chuma laini kwa kuwa kilichongeka kwa urahisi. Tatizo ni kwamba chuma laini husagika upesi. Ili kukipa ngozi ngumu, vipande vilifungiwa ndani ya sanduku la chuma pamoja na mkaa wa miti na wa mifupa, vikachomwa kwa saa kadhaa katika joto la zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi. Kaboni ya mkaa ilipenya kwenye uso wa chuma, kwa kawaida kwa kina kisichofika milimita moja.

Kisha vilitumbukizwa ghafla katika maji baridi yanayotokota kwa hewa. Uso ukawa mgumu, kiini kikabaki laini, na juu ukajengeka utando mwembamba wa oksidi. Mwanga ukiupiga utando huo hutoa rangi mbalimbali kulingana na unene wake.

Utando huo hufutwa na mikono, jua na sabuni kali, ingawa ugumu ulio chini yake hubaki. Kwa maneno mengine, kufifia kwa rangi pekee si dalili kwamba chuma kimepoteza ugumu wake.

Njia ya mkato inayopendwa ni mwali wa gesi. Ni kweli kwamba kati ya nyuzi 220 na 300 hivi chuma hugeuka manjano, kahawia, hatimaye bluu. Hata hivyo, joto hilohilo huanza kulegeza ugumu, na chuma kikiiva hadi kuwa chekundu kisha kikapoa polepole, ugumu hutoweka. Meno yanayoizuia nyundo ya bunduki yakilegea hivyo husagika, na silaha inaweza kufyatuka yenyewe.

Tanuri la nyumbani nalo lina hatari zake, kwani kipande kinaweza kujipinda au kupata ufa kikiingia majini. Chumvi za sianidi, zilizotumiwa viwandani kwa kazi hiyo, ni sumu inayoua. Dawa za kupaka bila moto haziondoi ugumu, lakini rangi yake ni ya kuigiza tu.

Aidha, kuna suala la thamani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 huzihesabu kuwa za kale silaha zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Kwa wanunuzi, mabaki ya rangi ya kiwandani, hata yaliyojificha pembeni, ni ushahidi wa asili. Kuyasugua ni kuufuta ushahidi huo.

Kwa hiyo kazi salama ya nyumbani ni ndogo: kuhakikisha silaha haina risasi, kuifuta kwa kitambaa laini chenye mafuta mepesi, kuipaka nta na kuiweka mbali na jua. Ikibidi rangi irudishwe, apewe fundi mzoefu, tena kwa silaha isiyo na rangi ya asili iliyosalia.