Jina la Mwalimu wa Kwaya

Nilipokuwa masomoni Uingereza, mwezi mmoja wa Agosti nilihudhuria tamasha la sanaa za Kikristo liitwalo Greenbelt, lililoanzishwa mwaka wa 1974 shambani huko Suffolk, na ambalo tangu 2014 makao yake ni viwanja vya Boughton House, Northamptonshire. Watu hupiga mahema wakasikiliza mashairi, mijadala na nyimbo.

Nakiri, ndugu msomaji, nilistaajabu. Lakini jioni moja bibi mzee aliyeketi kando yangu aliniuliza nilikojifunzia kuimba besi. Nikamsimulia habari za fundi cherehani wa kijijini kwetu, ambaye kila Jumamosi hutuandikia nota za solfa ubaoni bila kulipwa hata senti.

"Anaitwa nani?"

Nikababaika. Miaka kumi na miwili nilikuwa nikimwita "Mwalimu" tu.

Tena nota zenyewe zina asili huko huko ugenini: Sarah Glover wa Norwich ndiye aliyeubuni mtindo huo, na John Curwen akaustawisha na kuueneza katika karne ya 19. Kwetu ungali hai kwa jasho la watu kama fundi huyu. Walimu wenzangu, ni wangapi kati yetu waliowahi kumkaribisha mtu wa namna hiyo darasani?

Niliporejea nilikwenda moja kwa moja barazani anakoshonea, nikamwuliza jina lake. Alicheka sana, akanitajia, kisha akaniuliza kama ningali naikumbuka besi. Jumamosi tulikuwa na maziko ya jirani.