Hisabati ya Sekondari ya Juu: Shabaha na Njia Yake

Katika mtaa wa Asiatique, mjini Bujumbura, hesabu husikika madukani kutwa: bei, chenji na faida, na mara nyingi kwa Kiswahili. Lakini kijana wa mtaa huo aingiapo miaka mitatu ya mwisho ya sekondari, baada ya ile tisa ya shule ya msingi, hukabiliwa na hisabati ya namna nyingine, tena kwa Kifaransa. Wapo wanaovunjika moyo hapo. Ndugu askari, vijana hao ni wanetu. Yatupasa kuielewa shabaha ya somo hilo.

Shabaha yake kuu si kupata jibu tu, bali kujua kwa nini jibu ni hilo. Ni kuizoeza akili kupima ushahidi kabla ya kukata shauri.

Tuchukue mfano wa polisi wa barabarani. Gari limefunga breki kwenye lami kavu, likaacha alama za magurudumu za mita 20 hadi kusimama. Msuguano ukikadiriwa kuwa 0.7, hesabu yaonyesha kuwa mwendo ulikuwa karibu kilomita 60 kwa saa. Je, kama ungalikuwa 120? Aliyekariri atajibu mita 40. La, ni mita 80, kwani umbali hufuata mraba wa mwendo. Kwa upande wa mizinga, majeshi mengi hugawa duara katika sehemu 6,400. Kosa la sehemu moja hupotosha kombora karibu mita 1 katika kila mita 1,000.

Basi njia ya kufundisha ni ipi? Mwalimu aanze na jambo linaloonekana, mwanafunzi aitafute kanuni, aithibitishe, kisha aitumie. Historia yatuonya. Mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hisabati mpya kwa shule za Afrika. Nia ilikuwa njema, lakini walimu wengi hawakuandaliwa vya kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya iliiacha hisabati hiyo.

Funzo ni wazi: kitabu bila mwalimu aliyeiva ni bunduki bila mlengaji. Nasi wazazi, hata tusiojua Kifaransa, tuna wajibu. Kila jioni tumwombe mtoto atueleze kwa Kiswahili alichojifunza. Akiweza kueleza, ameelewa. Akishindwa, tumejua pa kuanzia.