Rangi mpya juu ya ukuta mbichi ni hasara mara mbili

Hesabu ya kuikarabati nyumba iliyoingiwa na maji Korogwe na Handeni

MAJI ya mafuriko yakishatoka ndani ya nyumba, mwenye nyumba huhesabu godoro, redio na magunia ya mahindi, akaona hasara yake imekwisha hapo. Hesabu kubwa huwa bado iko ndani ya ukuta.

Korogwe ni mji wa mto Pangani. Maji ya mto Lwengera na vijito vya milima ya Usambara nayo huteremkia bonde hilo hilo. Ni mji wa barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, wa reli iliyofika hapo mwaka 1902, na wa Chuo cha Ualimu. Katika mji wa chuo, chumba cha kupangisha ni rasilimali kama lilivyo duka. Handeni, kiasi cha kilometa 65 kutoka hapo, ni upande wenye kiu: kwa miaka mingi mji huo umetegemea maji ya mto Pangani yanayosukumwa na mabomba kutoka Korogwe. Hata hivyo mvua ikija kwa wingi haichagui. Wakati wa El Nino ya 1997/98 sehemu kubwa ya nchi ilifurika. Oktoba 2019 wilaya hizi mbili zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika mkoani Tanga, na barabara ya kati ya miji hii ikakatika. Mwisho wa 2023 El Nino ilirudi.

Kila msimu wa namna hiyo huacha soko nyuma yake: saruji, bati, misumari, rangi na fundi. Huacha pia kosa moja linalorudiwa, nalo ni haraka.

Maji hupanda

Tofali la saruji na tofali la kuchoma yote yana matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji yakisimama sebuleni kwa kimo cha nusu meta, ndani ya ukuta hupanda juu zaidi ya alama ya tope, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Sakafu inaweza kukauka kwa siku mbili tatu huku ukuta ukiwa umebeba maji kwa miezi. Wajenzi wa zamani wana kipimo chao: mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwa ukuta wa inchi 6, hiyo ni nusu mwaka. Jua kali, upepo na plasta iliyobanduliwa hupunguza muda huo, lakini si hadi wiki mbili.

Ukuta ukipakwa rangi ya plastiki ungali mbichi, maji hukosa pa kutokea. Rangi hufanya malengelenge, plasta huvimba na kudondoka, na chumvi ya ardhini hutoka kama unga mweupe. Kuvu nayo haingoji mwezi. Katika joto la bonde la Pangani huweza kuanza kuota ndani ya siku moja au mbili juu ya kitu kibichi, na humsumbua zaidi mtoto na mwenye pumu.

Bei ya haraka na bei ya subira

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba 6 vya wapangaji, kila chumba kikilipiwa Sh 40,000 kwa mwezi. Jumla ya kodi ni Sh 240,000 kwa mwezi. Takwimu hizi ni za mfano, na kila msomaji anaweza kuweka za kwake.

Mwenye nyumba mwenye haraka hukosa kodi ya nusu mwezi, Sh 120,000. Hutumia Sh 600,000 kwa plasta ya viraka na rangi, kisha wapangaji hurudi. Miezi michache baadaye ukuta unamwaga. Wapangaji wanahama kwa miezi miwili, Sh 480,000, na safari hii fundi anabandua kila kitu na kuanza upya kwa Sh 900,000. Jumla imefika Sh 2,100,000.

Mwenye subira hubandua plasta mapema kwa Sh 150,000, huacha nyumba wazi miezi mitatu na kukosa Sh 720,000, kisha hutumia Sh 600,000 zile zile. Jumla yake ni Sh 1,470,000. Tofauti ya Sh 630,000 ni kodi ya zaidi ya miezi miwili na nusu.

Lakini subira nayo ina bei. Nyumba hiyo ikiachwa tupu miezi sita, gharama hufika Sh 2,190,000, yaani zaidi ya ile ya haraka. Hapo ndipo chokaa inapoingia. Chokaa, tofauti na rangi ya plastiki, huacha ukuta upumue. Chumba kilichokauka vya kutosha kwa mtu kulala kinaweza kupakwa chokaa na kupangishwa, na rangi ya kudumu ikangoja msimu wa kiangazi.

Kazi kwa mpangilio wake

Kwanza ni umeme. Swichi kuu izimwe kabla ya mtu kukanyaga maji, na isiwashwe mpaka fundi mwenye leseni akague soketi na nyaya zilizolowa.

Pili ni msingi. Ufa mpya unaokwenda kwa ngazi, mlango usiofunga, au udongo uliochimbwa chini ya jamvi ni dalili za kumwita mhandisi wa halmashauri, si mpaka rangi. Kwa nyumba ya miti na udongo, nguzo huoza pale zinapokutana na ardhi. Tofali bichi lililolowa halirudi kuwa tofali.

Tatu ni tope. Liondolewe likiwa bichi, maana likikauka hushika kama saruji mbovu. Maji ya mafuriko hupita vyooni, hivyo wafanyakazi wavae buti na glavu, na sakafu na kuta zisuguliwe kwa sabuni kisha dawa ya klorini. Kisima kilichoingiwa na maji hayo kisitumike kabla ya kutiwa dawa. Kipindupindu hakijali nyumba ni ya nani.

Nne ni kutupa kisichookoka. Godoro la sponji, mbao za unga zilizovimba na dari ya jipsamu iliyolegea havistahili gharama ya kukausha. Kabati la mninga au la mvule huweza kuokoka likikaushwa kivulini polepole. Likianikwa juani hupinda.

Tano ni ukuta. Plasta iliyolegea ibanduliwe hadi nusu meta hivi juu ya alama ya maji, madirisha yafunguliwe mchana, na chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu, kwa kuwa ukiiosha unairudisha ndani. Kipimo cha ukavu hakihitaji mashine: bandika ukutani kipande cha nailoni cha nusu meta kwa nusu meta, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, na ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, mwambie mpaka rangi arudi nyumbani.

Dukani na ghalani

Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, wiki za baada ya mvua ni za mauzo, ikiwa tu mali yake imepona. Mfuko wa saruji ulioganda ni jiwe. Mifuko ipangwe juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta. Bidhaa inayosahaulika ni nailoni ya kuzuia unyevu inayolazwa kati ya msingi na tofali la kwanza. Ni gharama ndogo wakati wa kujenga, na ni vigumu mno kuiweka baadaye.

Kwa mfanyabiashara wa nafaka, hatari ni kubwa zaidi ya fedha. Mahindi yaliyolowa huota kuvu wanaotengeneza sumukuvu, na kuyakausha tena hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Gunia la namna hiyo halina bei ya kutupa. Linatupwa bure.

Bima na kiwanja

Tangu sheria ya bima ya 1996 ilipofungua soko lililokuwa la Shirika la Bima la Taifa peke yake, mwenye nyumba ana makampuni ya kuchagua. Jambo la kuuliza ni moja: je, mafuriko yamo? Mara nyingi bima ya moto hukinga moto na radi, na mafuriko huongezwa kwa maandishi na kwa malipo ya ziada. Aidha, picha za alama ya maji zipigwe kabla ya kusafisha, na stakabadhi za fundi zihifadhiwe. Dai lisilo na karatasi ni hadithi.

Kwa anayenunua kiwanja, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Kiwanja cha bei poa kando ya Pangani chaweza kuwa ghali kuliko vyote mjini. Mnunuzi akitazame wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na azisome kuta za majirani. Mstari wa tope hausemi uongo kama dalali.

Utabiri wa vuli na wa masika hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya msimu. Mwenye nyumba mwenye akili hununua misumari ya bati, hufunga kenchi kwenye lenta kwa ukanda wa chuma na kuzibua mitaro wakati mafundi bado wanatafuta kazi. Anayengoja wingu hulipa bei ya wingu.