Ugali wa Wimbi na Ugonjwa wa Sukari

Leo tunaongea juu ya chakula cha mtu mwenye ugonjwa wa sukari, na nitaanza na ugali, kwa maana hilo ndilo swali ninaloulizwa kila siku ya kliniki.

Mzee mmoja alikuja kwetu asubuhi kabla ya kula, sukari yake ikiwa 17. Kwa wagonjwa wengi tunataka wakati huo iwe kati ya 4 na 7. Nikamwuliza, "Baba, unakula nini nyumbani?" Akajibu kwa fahari kwamba ugali mweupe aliuacha, siku hizi ni wa wimbi peke yake. Nikamwomba anionyeshe kwa mikono ukubwa wa ugali huo. Mikono yote miwili haikutosha! Mkewe naye akaongeza kwamba kila asubuhi hunywa vikombe viwili vikubwa vya uji wa wimbi, uliotiwa asali.

Msikilizaji, wimbi ni wanga kama mahindi. Uzuri wake ni kwamba unga usiokobolewa una nyuzinyuzi, na hizo huifanya sukari iingie katika damu polepole. Lakini ukila mlima wa ugali, sukari itapanda tu. Asali nayo ni sukari, hata kama imetoka Baringo.

Basi utapimaje bila mizani? Tumia sahani yako. Nusu ijaze mboga: sukuma wiki, terere, managu au kabeji. Robo iwe maharagwe, ndengu, omena, yai au nyama isiyo na mafuta. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, na usizidi ngumi yako. Nduma, viazi, wali na chapati hukaa mahali pa ugali, si kando yake. Wala mama asihangaike kupika sufuria mbili. Chakula hiki kinafaa nyumba nzima.

Sasa kuna wengine ambao hunitia wasiwasi zaidi: wale wanaoogopa chakula. Mtu anameza glibenklamidi au anajidunga insulini saa moja asubuhi, kisha anashinda shambani na chai ya rangi mpaka saa nane. Dawa haijui kwamba hujala. Itaendelea kushusha sukari, na ikifika chini ya 4 unaweza kutetemeka, kutokwa na jasho na moyo kwenda mbio. Wengine huongea ovyo, majirani wakadhani wamelewa.

Ukiona dalili hizo, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, unywe mara moja. Ndiyo, sukari ile ile tunayokukataza! Ngoja dakika 15. Kama hujapata nafuu, rudia. Ukishapata nafuu, kula chakula. Lakini aliyezimia asitiwe kitu chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na ukishapona, mweleze daktari au muuguzi wako, huenda dawa ikahitaji kupunguzwa. Usiipunguze mwenyewe.

Siku ya kliniki ijayo, pamoja na kadi yako na dawa zako, njoo na yule anayekupikia.