Brandi Slashi: Kinywaji cha Krismasi Kinachokaa Kwenye Friza Bila Kuwa Jiwe

Ukialikwa Krismasi nyumbani kwa watu wa Wisconsin au Minnesota, usishangae mwenyeji akifungua friza na kutoa ndoo ya plastiki iliyokuwa na aiskrimu. Ndani yake mna barafu laini ya rangi ya chungwa. Ataichota mpaka ijae robo tatu ya glasi, amiminie soda ya limau, akukabidhi. Hiyo ndiyo brandi slashi. Sisi tuliohamia huku hujiuliza: theluji yote hii nje, na bado watu wanywe barafu?

Jibu linaanzia kwenye brandi. Wisconsin inaipenda kuliko majimbo mengine ya Marekani. Takriban nusu ya brandi ya Korbel, itengenezwayo California, huuzwa huko. Hata Old Fashioned, ambayo kwingineko ni kokteli ya wiski, Wisconsin huchanganywa kwa brandi.

Kisha ikaja juisi ya kopo. Katika miaka ya 1940, watafiti wa Florida walipata njia ya kukoleza juisi ya machungwa na kuigandisha bila kuipotezea ladha; hataza yake ilitolewa mwaka 1948. Friza zilipoenea majumbani, ladha ya machungwa ikapatikana hata katikati ya Desemba.

Vipimo vya kawaida ni hivi: chemsha vikombe 9 vya maji na vikombe 2 vya sukari. Pembeni, loweka vifuko 4 vya majani ya chai katika vikombe 2 vya maji ya moto. Vyote vikipoa kabisa, changanya na kopo moja la juisi ya machungwa na moja la limau, yote ya kugandishwa, ya mililita 355 kila moja, pamoja na vikombe 2 vya brandi. Chai huleta ukakasi kidogo unaokata utamu. Usijaze ndoo hadi ukingoni, kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Igandishe tangu jana yake, ukikoroga mara mojamoja.

Mbona haiwi jiwe? Friza ya nyumbani huwa na nyuzi 18 chini ya sifuri, ilhali alkoholi tupu huganda kwenye nyuzi 114 chini ya sifuri. Maji hutangulia kuganda na kuwa chembe za barafu, huku alkoholi na sukari zikibaki kwenye majimaji yanayozidi kukolea. Chembe hizo huelea humo, na mchanganyiko mzima huchoteka kama uji mzito. Ukizidisha brandi, hautashikana. Ukiipunguza mno, utahitaji kisu.

Kwa vipimo hivi, nguvu yake kabla ya soda inakaribia ya bia, asilimia 4 hadi 5. Lakini baridi na sukari huificha pombe, na mgeni humaliza glasi tatu akidhani ni juisi.

Uzuri wake ni kwamba kazi yote huisha kabla wageni hawajabisha hodi, na mwenyeji akapata nafasi ya kuketi nao. Ukiiandaa mwaka huu, andika jina juu ya ndoo, tengeneza nyingine isiyo na pombe kwa watoto na wasiokunywa, na hakikisha anayeshika usukani kwenye barabara yenye barafu hajaionja kabisa.