Nani Ashike Mizani?

Ukiwa mkulima wa pamba wa Shinyanga au Geita, waijua thamani ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukumani walilalamika kwamba wanunuzi huwapunja katika kupima. Hawakuishia kunung'unika. Waliunda vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vyama hivyo viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions.

Basi, kura nayo ni pamba yako, na tume ya uchaguzi ndiyo mshika mizani. Huandikisha wapiga kura, hupokea majina ya wagombea, hujumlisha hesabu na kutangaza mshindi. Ikiwa mshika mizani ni mtu wa upande mmoja, hata akipima sawasawa, nani atamwamini? Wahenga walisema: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Tazama jirani zetu wa Kenya. Desemba 2007 mwenyekiti wa tume yao, Samuel Kivuitu, alimtangaza mshindi wa urais, kisha akasema hajui kama kweli ndiye aliyeshinda. Watu zaidi ya 1,000 walikufa katika machafuko. Mwaka 2017 mambo yalikwenda njia nyingine: Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais, ukarudiwa.

Kwetu, Katiba ya 1977 yasema Tume hailazimiki kufuata amri ya mtu wala ya idara ya serikali, wala maoni ya chama. Mwaka 2024 sheria iliipa jina la Tume Huru, ikaweka Kamati ya Usaili ya kupendekeza wajumbe. Lakini Mwenyekiti na Makamu wake huteuliwa na Rais, ambaye huweza kuwa mgombea. Na Katiba yazuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa. Uchaguzi wa Oktoba 2025 uliandamana na ghasia na vifo. Jina jema peke yake halitoshi: gunia halijai kwa kuandikwa kilo mia.

Wewe nawe, baba au mama, unalo la kufanya. Usiuze kura yako kwa kanga wala kwa sukari. Matokeo yakibandikwa kituoni, yasome. Ukiwa karani, kura ya usiyempenda iwe salama mikononi mwako kama ya ndugu yako. Na mizani ya haki tuidai kwa amani, bila kuchoka, kama walivyofanya wazee wetu wa pamba.